Somo la Moto Lililoingia Jikoni Kwangu

Baraka, Machi 2000

Kwa Bwana Directeur wa shule,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kufundisha wakati kama huu. Mimi ni Pulchérie, mama wa Chérie wa darasa la tatu. Kwa heshima naomba Mwalimu Néhémie aache somo lake la kujikinga na moto nyumbani. Sababu zangu ni hizi:

1. Amefundisha kwamba moto hauachwi peke yake jikoni. Unajua kiberiti kimekuwa adimu tangu vita vilipofunga barabara ya Uvira. Jiko langu ndilo linalotunza makaa, na majirani saba huja na vigae vyao kuomba moto. Jumatatu nilipokuwa shambani, Chérie aliyafukia kwa mchanga. Avenue nzima, mtaa wetu wote, ililala bila bugali. Mpaka leo jirani yangu Mama Georgette ananisalimia akiangalia pembeni.

2. Kila jioni Chérie anapiga kifuniko cha sufuria, nasi sote tunatambaa chini ya moshi ambao haupo, hadi uwanja wa kuanikia samaki wa ndagala, tukahesabiwe. Kurudi kuchukua kitu ni marufuku. Mama mkwe wangu ana miaka sabini, naye anatambaa. Anasema nimemtuma mtoto ammalize.

3. Mwanajeshi alisimama mlangoni kwetu na sigara. Chérie akamwambia, "Papa, vutia kule mbali, nyumba yetu iko ya nyasi." Kwa bahati alicheka. Mimi nilimvuta Chérie ndani.

4. Somo limekosea darasa. Watoto wangu hawajachoma hata banda la kuku. Wanaochoma nyumba huku kwetu ni watu wazima, wenye ndevu na bunduki. Mwalimu aende kwao na ubao wake, na wasiofaulu warudie mwaka.

Nikitumaini utanisikiliza, nakuaga kwa heshima. Umsalimie Madame, watoto na walimu wote. Mwalimu Néhémie umsalimie kidogo.

Pulchérie

N.B. Kabla sijaileta barua hii, Alhamisi, wenye bunduki walichoma mstari wetu wote wa nyumba. Kifuniko kililia, tukatambaa, na safari hii moshi ulikuwepo. Niligeuka nirudie gunia la unga; Chérie akaning'ang'ania kitenge: "Mama, bitu uache." Uwanjani alituhesabu mara mbili. Tupo sote sita, na mama mkwe ndiye aliyefika wa kwanza. Nimelia sana. Barua imepona kwa kuwa niliifunga kwenye pindo la kitenge hicho hicho, na karatasi nyingine sina. Makaa sasa yamejaa avenue nzima. Mama Georgette haji tena kuomba moto.

Basi nafuta 1, 2 na 3. Namba 4 iache ilivyo.