Mhehe wa Ruhuwiko

Jumatano, 16 Julai

Maafa. Mama Walburga, mkuu wa masjala yetu, leo amefungua faili langu. Muda wangu wa majaribio unakwisha. Jumatatu atapeleka mapendekezo: nithibitishwe kazini au niagwe. Akafika kwenye kipengele cha mambo niyapendayo. Mwaka jana niliandika hapo: kuendesha baiskeli safari ndefu, peke yangu. Ukweli ni kulala, lakini kulala hakupendezi kwenye fomu.

Amefurahi! Hapo ndipo penye hatari. Marehemu baba yake alikuwa katekista, akiendesha baiskeli kutoka Songea hadi Namtumbo, kilomita sabini, tena Julai kama hii, upepo usoni. Akaniuliza mimi huwa nafika wapi. Nikausikia mdomo wangu ukisema Namtumbo. Mara kwa mara.

Rupert, karani mwenzangu, akauliza kwa upole wa fisi kama Jumamosi hii nitakwenda. Mama akasema wazo zuri. Nibebe karatasi, mtendaji yeyote wa Namtumbo aigonge muhuri, yeye ataiweka kwenye faili. Akaongeza huku akicheka kwamba karani anayedanganya kwenye faili lake mwenyewe hawezi kuachiwa mafaili ya watu. Alicheka peke yake.

Sijapanda baiskeli tangu darasa la sita. Hata siku ile niliishia mtaroni.

Ijumaa, 18 Julai

Mpango upo! Basi la Tunduru hupita Namtumbo. Nimeonana na konda wake, Swalehe, pale stendi. Nitatoka mjini nikiendesha, watu wanione. Nikishauacha mji, basi litasimama: baiskeli juu, mimi ndani. Nikamsisitizia mara tatu kwamba kukiwa na watu asinijue kabisa. Akaapa wallahi hatanijua.

Baiskeli nimeazima kwa jirani, Daimu, muuza mkaa. Keria pana kama kitanda. Breki moja. Daimu anasema kwa mwendo wangu hata hiyo moja ni anasa.

Baridi hii! Nimechukua masjala bahasha kumi na mbili za kaki, kuukuu, nizivae kifuani chini ya sweta. Niliomba kibali kwa maandishi.

Jumamosi, 19 Julai, jioni

Vidole vinane vimerudi. Viwili bado.

Nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu umemeza milima yote ya Matogoro. Mama Walburga alikuja kuniaga. Rupert naye, amepakiwa kwenye bodaboda. Akasema atanisindikiza kidogo nisione upweke. Kidogo! Kilomita nane! Yuko nyuma yangu na koti lake zito, kila baada ya dakika anauliza kama huo ndio mwendo wangu au bado napasha misuli. Basi likatokea. Swalehe mlangoni. Nikapunga mkono. Nikapunga yote miwili, nikayumba. Akanitazama usoni kama mtu anavyotazama nguzo ya umeme, akapita. Muungwana. Hakunijua.

Hapo Rupert akageuza, akanitakia safari njema.

Tukabaki wawili, mimi na upepo. Upepo wa Julai hutokea huko huko ninakokwenda. Kwenye mteremko nilikanyaga pedeli kama napanda mlima. Kwenye mlima nilishuka nikasukuma. Bahasha zinachakacha kifuani, mbuzi wanakimbia. Upepo wa lori la tumbaku ulinivuta barabarani, kisha ukanitupa majanini. Nikaimba ili nisiogope. Upepo ukaurudisha wimbo kinywani pamoja na vumbi. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita. Kwa miguu. Akanipa pole.

Saa sita mchana niko mbele kidogo ya Lumecha, hata nusu ya safari sijui kama imefika, machozi yananitoka yenyewe. Ndipo nikaona moto. Moto mkubwa, wanaume wameuzunguka, turubai, masufuria. Msiba. Nikashuka kwenye baiskeli, kama adabu inavyotaka, nikaenda kuwapa pole. Mikono ilitangulia motoni.

Wakauliza mgeni ni wa upande gani. Hapo akili yangu ikanisaliti. Kwenye msiba wa babu niliona kwa macho yangu: mtani wetu Mhehe hakuulizwa chochote. Alikaa karibu na moto kuliko wote, akachomoa paja la kuku sufuriani kwa mkono wake, na sisi Wangoni wote tukacheka. Basi nikasema mimi ni Mhehe. Wa Iringa. Napita tu.

Vigelegele! Msibani! Mzee mmoja akapaza sauti mbwa wake afungiwe ndani upesi, Mhehe ameingia na hajala. Mwingine akauliza kama babu zangu wamenituma kurudisha ng'ombe waliowaibia Wangoni, na kama ng'ombe wenyewe ndio hii baiskeli. Nikapewa kigoda cha mbele. Ugali wa moto, dagaa, chai ya tangawizi. Raha isiyo na jina. Nikamfikiria Rupert nikamhurumia.

Kisha mtendaji wa kijiji, Mzee Joachim, akaniinamia akasema Mungu ndiye aliyenileta. Tangu jana wanatafuta mtani wa kuingia kaburini.

Kuingia wapi?

Kumbe! Siku ya babu mimi nilibaki nyumbani kwa kuogopa makaburi. Niliona nusu ya kazi. Mtani hula kwanza kwa sababu ndiye atakayeshuka kulala humo, apime kama marehemu atatosha, na amtanie huko huko, ili wafiwa wacheke kabla ya kilio cha mwisho.

Baiskeli ilikuwa hatua kumi. Upepo wa kurudi ungekuwa mgongoni. Nilishaanza kusogea. Lakini mjane, Bibi Kasiana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Walisema tangu mumewe, Mzee Gaudensi, afariki, siku ya pili hii, hajaonja kitu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mtanie vizuri. Alikuwa anapenda utani."

Nikashuka. Nikalala. Udongo ule ni baridi kuliko upepo. Nikavuta pumzi, bahasha zikachakacha kifuani, nami katika hofu nilikuwa nimezisahau. Nikapiga yowe: "Nitoeni! Humu kuna mtu!"

Wakadhani ndio utani wenyewe. Wachimbaji walicheka mpaka wakakalia majembe. Bibi Kasiana alicheka akishika mbavu, kisha akalia sana, kisha akaomba uji. Akamaliza bakuli.

Namtumbo sikuiona. Mzee Joachim ameigonga karatasi yangu muhuri, akachukua na namba yangu ya simu. Upepo umenirudisha Ruhuwiko kama gunia.

Jumapili, 20 Julai

Siwezi kukaa. Kanisani nimesimama hata pale padri alipotuketisha.

Tatizo: muhuri una jina la kijiji, si Namtumbo. Mpango: mate kidogo kwenye kidole gumba, nikasugua taratibu. Jina limefifia vizuri sana. Ningeweza kuwa mhalifu mkubwa.

Jumatatu, 21 Julai

Jana sikugeuza karatasi. Nyuma yake Mzee Joachim ameandika barua. Mwandiko safi, jina la kijiji mara mbili. Mama Walburga akaisoma kwa sauti: shukrani kwa mtani wetu Mhehe, ndugu Aidani, aliyeshuka kaburini kwa ujasiri hata mjane akapata kula. Rupert akalaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Mama akaniuliza tangu lini mtoto wa Mwalimu Ngonyani wa Ruhuwiko amekuwa Mhehe.

Nilikuwa na majibu matatu. Yakataka kutoka kwa pamoja, yakabanana mlangoni, ukatoka ukweli. Wote. Konda, kulala, kaburi, hata mate.

Mama akauliza baiskeli ilikuwa wapi nilipoambiwa nishuke kaburini. Hatua kumi, nikasema. Kwa nini sikukimbia? Nikasema Bibi alikuwa amenishika mkono.

Aliandika kwa muda mrefu. Rupert akaacha kucheka. Mwishowe Mama akasema baba yake naye upepo ule ulimrudisha mara nyingi, ila yeye hakusugua mihuri. Nimethibitishwa! Na nimepewa onyo la maandishi kwa udanganyifu. Nimelifaili mwenyewe, namba sahihi, machozi hayakugusa wino.

Nimeapa. Uongo basi.

Jumatano, 23 Julai

Simu ya Mzee Joachim. Mtani aliyezika ndiye huja kuondoa matanga, Jumamosi ya tarehe mbili. Bibi Kasiana ameshatenga jogoo. Nikavuta pumzi nimwambie ukweli. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, nzuri. Akasema ngoja kwanza, hapa yupo mwalimu mgeni, Mhehe mwenzako, anataka mkasalimiane kwa lugha ya kwenu.

Sauti nzito ikasema jambo refu kwa Kihehe. Nikajibu kwamba mtandao unakatika.

Mzee Joachim akauliza kama wanitumie pikipiki. Nikasema hapana, Mzee, hapo ni karibu tu, nitakuja kwa baiskeli.

Zimebaki siku kumi. Kwa mtu aliyesoma, zinatosha kuwa Mhehe.