Nyumba Yangu Yapandishwa Cheo

Wananchi wote wa mji wetu wa pwani walijulishwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba nyumba yangu imepandishwa cheo. Kuanzia siku hiyo si nyumba tena, ni gofu la kale, daraja la pili.

Nilishukuru. Marehemu mume wangu aliijenga kwa mikono yake, na haikuwahi kutajwa na kipaza sauti.

Mkurugenzi wa Idara ya Magofu alikuja mwenyewe kunieleza. Ni kijana mstaarabu. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa na maji. Alisema ziara ya watalii ina upungufu wa mambo ya kale kati ya ngome yetu na mji wa pili, na wageni wanasinzia njiani. Nyumba yangu ipo katikati.

"Lakini baba, paa linavuja. Fundi anakuja kesho na mabati."

"Bibi! Bati jipya kwenye gofu?" Akashika kichwa. "Uvujaji huo ni urithi wa taifa."

"Unanivujia kitandani."

"Basi sogeza kitanda, bibi. Urithi usiuguse."

Hakuniacha hivihivi, Mungu ambariki. Aliniletea beseni lenye nembo ya Idara, na kamba ya buluu ya kuzungushia kiti changu ili watalii wasinikanyage.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kiongozi wa watalii, ambaye ni mkwe wangu, hutangulia na mwavuli mwekundu. Akiuinua, hapo ni pa kale: watu wanasimama, wanapiga picha, hakuna maswali. Mlangoni kwangu aliuinua huku ameinamisha uso. Mtu aliyekuolea binti atakutazamaje machoni akitangaza kwamba wewe ni wa karne ya kumi na nne?

"Shikamoo mama," akaninong'oneza.

"Marahaba, mwanangu. Fanya kazi, wageni wanangoja."

Mvua zikakolea. Kitanda kikalowa, nikawa nalala kitini, ndani ya kamba. Kifua kikaanza kukoroma kama paka mzee. Niliomba tena ruhusa ya fundi. Idara ikajibu kwa upole kwamba kikohozi changu kinawapendeza sana wageni.

Ndipo Waziri akaja kutalii. Nami nilipandishwa kwenye basi la watalii, niwe mfano hai. Tukaona ngome, tukaona visima, tukaona makaburi. Waziri aliyasinzilia yote bila upendeleo.

Mji wa pili mvua ikatukuta, tukakimbilia makao mapya ya Idara, yaliyojengwa mwaka jana na shemeji yake Mkurugenzi. Ukumbini mvua ilikuwa kubwa kuliko nje. Nikakohoa. Mkwe wangu akanionea huruma, akaufungua mwavuli, akauinua juu ya kichwa changu.

Watalii wote wakasimama. Kamera zikaanza.

Waziri, aliyekwisha kusinzia tena kwenye kiti cha ukumbini, akazinduka. Akatazama nyufa, akatazama ukungu, akatazama dari iliyoning'inia.

"Hili sasa ndilo gofu! La karne ya ngapi?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Kusema ni la mwaka jana ni kumtaja shemeji.

"La... la zamani kidogo, mheshimiwa."

"Kuliko nyumba ya bibi huyu?"

Maji yakamdondokea Mkurugenzi shingoni.

"Kuliko ya bibi. Mbali sana."

"Basi liwe daraja la kwanza! Usipigiliwe humu hata msumari. Na hiyo ya bibi, kumbe mpya, mnatuonyesha ya nini? Mwacheni aezeke."

Kesho yake fundi alipigilia mabati, na mkwe wangu akamshikia ngazi. Usiku ule nililala kitandani, nikaisikiliza mvua ikihangaika huko nje.

Mkurugenzi bado yumo ofisini mwake, maana Waziri alipenda gofu lenye mtu ndani. Juzi nilikwenda kumjulia hali. Watalii walikuwa wanampiga picha, naye anatabasamu, amejifunika faili kichwani. Nikavua viatu mlangoni. Nikamrudishia beseni lake, na kamba ya buluu nimeikunja vizuri.

"Bibi," akaninong'oneza, meno yakigongana, "linanivujia mezani."

Nikamfuta shingo kwa upindo wa khanga yangu. Masikini, alikuwa wa baridi kama chura.

"Sogeza meza, baba," nikamwambia. "Urithi usiuguse."