Cheti cha Makame

Viapo vingi vilimponyoka Makame, ila kimoja alikitunza: hatabeba tena mzigo wa mtu. Miaka saba alifanya ukuli mpakani Tunduma, mpaka siku alipogundua kwamba kusema uongo hakuumizi mgongo. Tangu hapo mjini aliitwa bosi, na jina hilo alilipenda kuliko chakula.

Asubuhi hiyo alikuwa dukani kwa Raudha, muuza vitenge, akinywa chai ambayo hakualikwa. Raudha aliitazama simu yake, akaguna. Makame akachungulia begani kwake. Brenda wa duka la jirani alikuwa ameweka picha kwenye stetasi: amesimama kwenye kilele cha juu kabisa cha Hifadhi ya Kitulo, mikono hewani, utadhani mlima kauumba yeye.

Makame akaweka kikombe chini. Akaeleza kwamba yeye ni mwongozaji wa siku nyingi, kwamba kilele hicho kina njia ya Ileje, inayoanzia Ikinga, wasiyoijua watalii, na kwamba kila anayefika juu hupewa cheti chenye muhuri. Njia hiyo, Mungu amsamehe, haikuwepo. Hifadhi yenyewe iko mbali, ukishaipita Mbeya. Alichokuwa nacho yeye ni kilima kimoja kule Ikinga na kibao alichopanga kukipaka rangi mwenyewe.

"Na mizigo ya mgeni?" Raudha akauliza.

"Mgeni habebi hata chupa ya maji, dada. Anabeba mwongozaji. Na begi la mgeni halifunguliwi, ni mwiko wa kazi yetu."

Mwiko aliutunga palepale. Kiapo kilimkereketa kidogo, akakituliza: begi la mwanamke anayekwenda kupiga picha lina nini, zaidi ya kanga na poda? Raudha akasema atalipa wakifika kileleni. Makame hakuona tatizo.

Jumamosi wakashuka Ikinga. Mabegi yalikuwa matatu, na uzito wake ulimkumbusha magunia ya mahindi ya mpakani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Waendesha bodaboda waliokaa chini ya kilima walimtazama kwa huruma, wakamwambia huko juu wao wamegoma tangu Jumatatu. Alipanda kwa magoti na mikono, akiwalaani wapaka poda wote, huku Raudha nyuma akimpiga picha.

Juu kilisimama kibao chake, KILELE CHA JUU KABISA, na chini yake walikaa wanawake kumi na wawili wakisubiri. Atupele, kiongozi wao, alimpa pole, akafungua mabegi. Vitenge vya zambarau, doti kwa doti. Sare za kwaya.

"Ile nyumba ya bati jekundu ni ya mama yangu," Raudha akasema. "Kilima hiki nimechungia mbuzi. Siku ile nilikuwa nawaza nani atawafikishia kwaya mzigo kwenye tope hili, ukaja wewe mwenyewe."

"Na malipo yangu, dada?"

"Nifikishe Kitulo, nitalipa."

Kisha akaomba cheti, akaandika jina la Makame kwa herufi kubwa, akamkabidhi. Kwaya ikapiga makofi kwa moyo mweupe kabisa. Makame aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Alipofika chini simu ikashika mtandao. Mpigaji wa kwanza alikuwa Ezron, msimamizi wa makuli pale mpakani.

"Tumekuona stetasi kwa Raudha," akasema kwa upole. "Mgongo bado unao. Jumatatu kuna malori mawili ya mahindi, tumekuwekea nafasi."