Swichi za Pijo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Julai 1994
Nimepata nafasi! Baba mkwe, mzee Mashimba, amenikabidhi gari lake, Pijo 404. Imelala bandani hapa Somanda tangu enzi za sukari ya foleni. Injini inaunguruma. Ubovu uko kwenye swichi: taa hakuna, waipa hakuna, honi hakuna. Jumamosi itampeleka shemeji yangu Milembe kanisani kuolewa.
Mke wangu Kabula amerudi kwa baba yake tangu Pasaka, nilipouza ng'ombe wake wa maziwa nikanunua mashine ya kukamua alizeti. Haikamui. Nikifaulu hili, atarudi. Nisipofaulu... siandiki.

Jumanne, 5 Julai
Mzee alitaka aitwe Ndaki, fundi redio. Ndaki! Aliyewahi kumposa Kabula! Nikamwambia mzee kwamba Ndaki atamwekea plastiki za Dubai zinazojaa madukani siku hizi. Mimi nitafufua swichi zenyewe, za asili. Neno "asili" limempendeza.
Nimefungua swichi ya taa. Springi imeruka. Kigololi kikafuata. Kuku kakimeza! Mama mkwe akanikuta nimeinama namkodolea macho kuku wake. Ikabidi nimsifie kuku.

Jumatano, 6 Julai
Springi ya kalamu inafaa! Kutu nimeitoa kwa msasa. Grisi sina, nimelainisha kwa samli. Swichi zote sasa zinalia "ta!" Raha.
Ndaki kapita. Kauliza kama nimetia alama waya upi ulitoka wapi. Nikasema yote yako kichwani. Akasema ndicho anachokiogopa.

Ijumaa, 8 Julai
Swichi ya taa inawasha waipa. Ya waipa inapiga honi. Kabula alikuwa mlangoni. Nikamwambia ni makusudi, kuwachanganya wezi. Akauliza kama mimi mwenyewe nitakumbuka. Sijala chakula cha jioni.

Jumamosi, 9 Julai
Mungu wangu.
Milembe nyuma na shela lake, Kabula pembeni yake. Tulipolikaribia kanisa, honi ikalia yenyewe. Haikunyamaza. Waipa zikaanza kukwangua kioo kikavu. Harufu ya maandazi: samli yangu inaungua. Kisha moshi chini ya dashibodi, mweusi.
Nikakanyaga breki, nikaruka nje. Mlango wao haufunguki! Shela limebanwa ndani yake. Nilivuta. Nikavuta huku nalia. Ndaki akaja mbio kutoka kwa wageni, akafungua boneti, akang'oa waya wa betri. Kimya. Kabula akachana shela kwa meno, mlango ukaachia.
Milembe kaingia kanisani kwa miguu, shela nusu. Mimi nilikaa vumbini.
"Ungetuua, Luhende," Kabula alisema. Kwa sauti ndogo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 11 Julai
Kabula amerudi nyumbani! Anasema si kwa ajili ya gari. Ni kwa vile aliuona mkono wangu ulivyochanika nikiuvuta ule mlango. Sharti moja: nisiguse waya tena maisha yangu yote. Nimeapa, mzee Mashimba akiwa shahidi. Nimeapa kwa moyo wote.
Mchana kapita Marcelo, mmoja wa hawa wanunuzi wapya wa pamba. Indiketa za lori lake zimekufa. Anatafuta fundi. Nimemwambia amefika penyewe.
Kabula yuko kisimani. Nitamaliza kabla hajarudi.