Magunia Mawili ya Maganda

Jumatano, 2 Julai 2025

Leo nimeona riziki ambayo mtaa mzima wa Rahaleo wanaipita bila kuitazama. Jirani yangu, Mwalimu Gideoni, ni mwanachama wa klabu ya shabaha kule Likombe. Jumapili wanarusha visahani vya udongo hewani na kuvipiga kwa shotgani. Amelalamika kibarazani kwangu kwamba boksi la risasi limepanda bei hadi anaona haya kumwambia mkewe. Wenye vibali sasa wanajaza wenyewe. Wanachukua ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, wanatia baruti na marisau mapya, zile chembe za risasi, wanalifunga mdomo.

Nikauliza baruti inapatikana wapi. Akajibu kwamba kwa mwenye leseni tu, na nisirudie kuuliza. Sikurudia. Baruti ina wenyewe. Lakini ganda je? Limelala kwenye nyasi, watu wanalikanyaga.

Alhamisi, 3 Julai

Mzee Mohamedi, mlinzi wa uwanja wao, ana magunia mawili ya maganda. Huyaokota akifyeka. Pesa hakutaka. Alitaka pampu ya kupulizia dawa ya salfa, maana mikorosho yake imeanza kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiri unga unaoyaua hausubiri mtu.

Pampu tunayo. Yaani mke wangu, Mwanakombo, anayo. Aliinunua kwa korosho zake mwenyewe, kwa ajili ya shamba aliloachiwa na baba yake. Lakini ilikuwa imekaa tu uani. Nimeibeba yeye akiwa msibani, nikarudi na magunia. Maganda yakiuzwa nitamnunulia mpya, yenye mota.

Ijumaa, 4 Julai

Gideoni amesikia. Baada ya swala nilimkuta mlangoni, ananiita ndugu yangu, jina ambalo hajaniita tangu tugombane kwa ajili ya ukuta unaotutenga. Kumbe Sabasaba wana mashindano, na kila mtu anatafuta maganda. Alitaja bei nzuri kwa gunia zima, bila hata kulifungua.

Nikamwambia bei ni mara tatu ya hiyo.

"Hashimu, haya ni maganda matupu."

"Basi kapige shabaha kwa mdomo, Mwalimu."

Aliondoka bila kuaga. Nililala vizuri. Mwenye shida Ijumaa, Jumatatu atakuwa na shida zaidi.

Jumamosi, 5 Julai

Mwanakombo ameuliza pampu iko wapi. Nimesema iko kwa fundi, valvu inavuja. Akasema haikuwa inavuja. Nikasema ndiyo tabia ya valvu. Akaenda shambani mikono mitupu. Amerudi anasema maua yametoka mengi kuliko mwaka jana, na matawi ya chini yameanza unga mweupe.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Siku ya balaa. Nilikodi bajaji, nikapeleka magunia Likombe, nikakaa langoni kama mwenye duka. Wanachama wakapita mmoja mmoja wananisalimia. Hakuna aliyesimama. Risasi mpya zimefika juzi kutoka Dar, dukani kwa mwenye leseni, na bei imeshuka kuliko ya mwezi uliopita.

Nikashusha bei. Nikashusha tena. Mwishoni nikamfuata Gideoni, nikamwambia achukue kwa ile bei yake. Alifungua gunia, akashika ganda moja, akalizungusha kwenye mwanga. Akashika jingine. Midomo ya maganda imepasuka. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wazito, kwamba mjazaji huokota maganda yake mazima na kuondoka nayo. Yanayobaki kwenye nyasi ni yaliyokwisha kujazwa mpaka yakachoka.

"Ijumaa ningeyachukua," akasema. "Mungu amenihurumia."

Mzee Mohamedi alikuwa pale pale langoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulitaka maganda, baba. Nami nilikuwa na maganda."

Jumanne, 8 Julai

Mwanakombo amekwenda kwa fundi. Fundi hajui pampu yoyote. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliuliza iko kwa nani, nikamtajia. Akajifunga kanga, akaenda.

Nilimfuata kwa mbali. Nilimwona akizungumza na Mzee Mohamedi, kisha akaibeba pampu yake mgongoni na kuanza kupulizia mikorosho ya yule mzee, mti mmoja baada ya mwingine, kitambaa kimemfunika pua. Ndiyo masharti ya mzee, nilivyosikia baadaye: akimaliza shamba la mzee, ataazimwa pampu akapulizie la kwake. Kuazimwa. Ile pampu yake.

Nilirudi nyumbani. Salfa hunikera macho.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda shamba la Mwanakombo. Nusu ya maua yamekuwa meusi, ukiyagusa yanadondoka. Yeye alikuwa anapulizia yaliyobaki. Nikasema pole. Akasema, "Nenda nyumbani, Hashimu." Tangu Jumanne hajaniita baba Sabra.

Ijumaa, 18 Julai

Jambo limejitokeza. Nimemsikia Gideoni akiongea na simu ng'ambo ya ukuta: risasi sasa ni nyingi, visahani vya udongo ndivyo havipatikani. Visahani! Mikindani kuna mama anafinyanga vyungu na ana tanuri. Nimeshaongea naye. Pesa hataki. Anatafuta cherehani ya kumpa binti yake.

Mwanakombo yuko shambani mpaka jioni. Cherehani yake iko hapa chumbani, imefunikwa vizuri, haina kazi yoyote. Bajaji nimeiambia isipige honi.