Wali Ulioshtakiwa kwa Mwendo wa Kasi

Ikuti, Tukuyu
Juni 1995

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Natumaini u mzima na unakula unachotaka. Mimi Nsajigwa, mkulima wa chai na ndizi, sili ninachotaka, na chanzo ni nesi wako Felista.

Mwezi wa tatu nilikuja kwako na kidonda cha mguu kisichopona. Nikapimwa mkojo, nikaambiwa nina ugonjwa wa sukari. Hilo nililipokea kiume. Lakini Felista akamkalisha mke wangu Agness, Mama Asajile, kwenye benchi, akamfundisha kwamba vyakula vina mbio. Wali, mkate mweupe na viazi vya kuponda hupandisha sukari kwenye damu upesi. Maharage na ndizi mbichi huipandisha polepole. Tangu siku hiyo naishi na trafiki ndani ya nyumba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbalaga, yaani ndizi mbichi za kupika, naruhusiwa. Mkungu uleule ukiiva, nafukuzwa kama mwizi, na mgomba nimeupanda mimi! Naomba ofisi yako itoe amri kwamba ndizi zote za kata ya Ikuti zisiive.

2. Miaka ile ya foleni, sukari tuliisikia kwa wasafiri. Sasa biashara imefunguliwa, na duka la Bwana Mansuri pale Ibighi limejaa soda, biskuti na mikate hadi dirishani. Nilipoagiza soda, Mansuri akainamisha kichwa: "Samahani mzee wangu, Mama Asajile amepita hapa." Serikali imeachia kila kitu, ila mimi peke yangu nimerudishwa kwenye foleni. Soko huria gani hilo?

3. Harusi ya binti wa mdogo wangu Hosea. Wali wa Kyela, unanukia hadi barabarani. Nimeshika kijiko, Agness akaninyang'anya sahani mbele ya wakwe. "Baba Asajile, huo una mbio," akasema, akaniwekea maharage na parachichi. Mchungaji alicheka hadi miwani ikamdondoka, na mimi ni mzee wa kanisa! Niliutazama ule wali kwa makini, Mganga. Haukuwa unakimbia kwenda popote.

4. Sembe imefutwa, tunakula dona. Chai niliyoichuma kwa mikono yangu nainywa bila sukari kama dawa. Mguu umepona, sikatai, lakini umepona bila idhini yangu.

Kwa hiyo naomba Felista ahamishiwe wilaya ya mbali ambako wanaume hawajaoa, na Agness aandikiwe rasmi kuwa mafunzo yake yamebatilishwa.

Nisalimie mkeo, watoto, mlinzi wa getini, na wauguzi wote isipokuwa mmoja.

Wako mwenye njaa,
Nsajigwa

N.B. Kabla sijabandika stempu, Agness amerudi kutoka kwenu. Felista amempima naye. Sukari yake imeipita yangu. Amekaa jikoni, hata hajaniuliza nimekula nini, na hilo limenitisha kuliko kile kidonda. Felista asihamishwe popote. Mwambie afike nyumbani kesho asubuhi, maana zile mbio mimi nilikuwa nazipinga tu, sikuzisikiliza, na sitaki kukosea ninapompikia Agness. Ndizi mbichi nimezimenya mwenyewe. Naishia hapa, maharage yanaungua.