Kiti cha Mwisho cha Behewa B

Jumatano, 2 Agosti 1995

Imefika! Malori mawili, jenereta moja, na chuma kisicho na mwisho. Wameifunga kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Mama alinituma sukari asubuhi. Nimerudi saa nane. Bila sukari.

Ni reli inayopanda angani, inapinda, halafu inaanguka. Mabehewa mawili, A mbele na B nyuma, kila moja viti sita. Mnyororo unayakokota polepole hadi juu, kisha unayaachia. Watu wameshakipa kile kilele jina: nundu. Kweli kinafanana na nundu ya fahali. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivi kilichotengenezwa kwa ajili ya furaha tu.

Imeletwa na kampuni mpya ya kununua pamba. Zamani ushirika ulinunua peke yake na hakuna aliyetubembeleza. Sasa kila mnunuzi ana zawadi yake: huyu sabuni, yule fulana. Hawa wameleta nundu. Kila mkulima aliyewauzia amepata tiketi moja. Mama kanipa yake. Anasema moyo wake haupandi chuma. Jirani yetu, Bibi Milembe, kaifunga ya kwake kwenye pindo la kanga.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Kwenye mtihani wa fizikia wa kidato cha sita niliandika kwamba mwili unaoanguka hausikii uzito wake. Niliandika kwa sababu kitabu kilisema. Sijawahi kuhisi. Nasubiri matokeo ya kitu nisichokijua! Nina safari moja tu. Jumanne, Nane Nane, jioni wanaondoka. Lazima nipate kiti sahihi.

Alhamisi, 3 Agosti

Utafiti umekamilika kabla ya chakula cha mchana. Safari ya kwanza walipanda wageni wa kampuni, mabehewa yote mawili. Nilihesabu kofia. Zilizoruka behewa A: hakuna. Zilizoruka behewa B: tano, na miwani. Maana yake ni wazi. Behewa la mbele linapita nundu likiwa bado linajivuta. La nyuma linavutwa juu yake kwa kasi. Anayekaa mwisho kabisa ndiye anayeachwa hewani. Nilisimama pale na daftari, nikaandika yote.

Halafu muujiza. Wakulima walipofunguliwa geti, mzee Mboje akasoma herufi, akagoma. Alimuuliza fundi kwa nini yeye, aliyeuza pamba safi msimu mzima, apandishwe kwenye fifi. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: A ni pamba safi, B ni fifi, ile chafu iliyonyeshewa mvua. Fundi Joakim ni mtu wa Tanga, kwao ni katani. Tangu hapo A inajaa, B inapanda tupu.

Kiti changu kipo wazi! Ningeweza kupanda leo leo. Lakini sijajua kama upande wa kulia ni bora kuliko wa kushoto. Mtu msomi hakurupuki.

Ijumaa, 4 Agosti

Generoza. Tulisoma darasa moja miaka sita, na miaka sita alinitangulia kwa alama mbili tatu. Amekuja uwanjani amevaa viatu vya Mwanza. Akaniuliza, dada Nyamizi, wewe uliyeshinda hapa na daftari, wapi kuzuri? Nikamwambia A, mbele kabisa. Akacheka. Akasema basi mbona naitazama B kama ndama aliyefungiwa zizini.

Amejua!

Ikabidi nichukue hatua. Nilikwenda kwa Salu, muuza karanga wa getini, nikamnong'oneza kwamba kuna nati ya behewa B inalialia. Nikamwomba asimwambie mtu. Nikamwomba mara mbili, ili awe na hakika kwamba ni habari nzuri.

Kulia ni bora. Nitapanda kesho.

Jumamosi, 5 Agosti

Nati moja asubuhi ilikuwa imeshakuwa gurudumu. Saa nne kulikuwa na mtu amerushwa kutoka B hadi kijiji cha Lingeka, na kuna waliomjua mjomba wake. Watu wakakataa hata A, kwamba inafuatwa na maiti. Fundi Joakim alikagua kila nati mbele yao. Hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe akaifungua B na kuiweka kwenye nyasi.

Mbuzi wawili wamelala ndani. Nilimfukuza mmoja, nikakaa kiti cha mwisho, upande wa kulia, nikafumba macho.

Uzito wangu: wote.

Jumapili, 6 Agosti

Ibadani sikusikia neno. Kutoka tu, mbio kwa fundi. Nikamweleza habari ya safi na fifi tangu mwanzo. (Nati sikuigusia.) Alicheka hadi akajishika magoti. Akasema kwao pia katani ina madaraja, ila hajawahi kuona mtu akigombana nayo. Nikampa ushauri wa kisomi: airudishe B, lakini aifute ile herufi na kuandika AA. Safi kupita safi. Wataamini wamefunga behewa jipya.

Akachukua brashi. Mimi ni hatari.

Jumatatu, 7 Agosti

Foleni imefika kwenye mizani ya kupimia ng'ombe. Wote wanataka AA. Mzee Mboje alitangaza kwamba hatimaye kuna watu wameitambua pamba yake, akawapita wajane watatu. Nilisimama tangu saa moja asubuhi hadi jenereta ilipozimwa. Walibaki kumi na wanne mbele yangu.

Generoza alipata. Kiti cha mwisho. Kulia! Alishuka taratibu, hana dharau usoni, akanishika mkono. Akasema, "Nyamizi, kule juu niliachwa." Ningependa angenicheka.

Wazee nao wanalalamika: tangu lini AA ikatembea nyuma ya A? Sikuwajali. Yangu ni kesho.

Jumanne, 8 Agosti. Nane Nane

Nilikuwa wa kwanza getini. Lilipofunguliwa nilikimbia nimeinamisha kichwa, macho kwenye zile A mbili tu, nikarukia kiti cha mwisho, kulia, nikafungwa mkanda. Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anatafuna karanga.

Nyuma yangu! Nikageuka. Fundi kawasikiliza wazee: AA kaifunga mbele, A kaipeleka nyuma. Nilikuwa katikati ya treni, mahali pabaya kuliko pote. Na kule mwisho kabisa, peke yake katika behewa tupu, Bibi Milembe. Akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Alisema hawezi kusukumana na watu wakati kuna viti.

Mnyororo ukavuta. Nilitaka kulia. Kisha tukafika juu ya nundu na nikasahau. Bariadi yote! Marobota ya pamba kama mawe meupe, barabara ya Kasoli nyembamba kama uzi, na mbele nchi tambarare inayoendelea hadi inakuwa mbingu. Nimezaliwa ndani ya ukubwa huu na hakuna aliyeniambia. Sikupima kitu. Sikukumbuka kwamba nina mwili. Nilipiga kelele kwa Kisukuma.

Chini nilimkuta Bibi bado ameketi, kanga mabegani haipo. Nikamuuliza amesikia nini. Akasema, "Nilikaa bila kukaa."

Maneno matatu! Mimi kwenye mtihani nilijaza ukurasa mzima.

Alhamisi, 10 Agosti

Matokeo yametoka. Generoza divisheni ya kwanza. Mimi ya pili. Ya pili! Nimelia tangu asubuhi. Salu ameshawaambia getini, sokoni na kanisani. Mzee Mboje kanipa pole kama nimefiwa. Mji mzima unajua tofauti ya moja na mbili.

Mchana nimenawa uso, nikamwandikia fundi Joakim barua, Tanga. Nimemshauri kwamba mwakani asitumie herufi kabisa, herufi zinawatia watu wazimu. Aandike namba kwenye viti. Namba ni namba tu, haziumizi mtu. Na aanze kuhesabia nyuma, ili kile cha mwisho, upande wa kulia, kiwe namba moja.

Hakuna atakayekigombea.